Shokapu ya Upande wa Esnath

Jumatatu, 14 Julai 2025

Esnath mke wangu,

Hapa Mahongole baridi imeshika. Asubuhi kioo cha lori letu dogo, Kenta letu, kilikuwa na barafu nyembamba. Nimekikwangua kwa kadi ya benki. Kadi hiyo haina kazi nyingine.

Nakuandikia kwa sababu ya Lightness. Binti yako anasema, baba, usiongee peke yako kwenye gari, watu wanakuona. Kama una la kumwambia mama, andika. Basi naandika.

Habari kubwa: jiwe lako la kaburi limekwisha. Romani, fundi wa marumaru wa Makambako mjini, amelichonga vizuri. Ibada ya kuliweka ni Jumapili hii, Ipelele, pale ulipoomba ulale karibu na mama yako. Mchungaji amekubali. Wajomba wameshaambiwa. Na jiwe nitalipeleka mimi mwenyewe, kwa Kenta letu. Nimeapa.

Unajua kwa nini. Siku ya mazishi Kenta liligoma kuwaka. Ukapelekwa kwa lori la Fuso la kaka yako, mlamu wangu Yosefu. Nilishukuru. Lakini Yosefu akasema mbele ya waombolezaji kwamba hata lingewaka, dada yake asingesafiri ndani ya kibuyu cha kusukia mtindi. Watu wakacheka. Msibani! Mimi nikatazama viatu vyangu mpaka tukafika. Safari hii sitaki kutazama viatu.

Tatizo ni moja tu. Shokapu ya mbele kushoto. Ya upande wako.

Nimeibonyeza pembe ya gari kama ulivyozoea kufanya wewe. Gari lenye shokapu nzima likibonyezwa huinuka mara moja na kutulia. Letu likainama, likainuka, likainama tena, likainuka tena. Kama mzee wa kanisa anayesinzia kwenye mahubiri. Nikaingia chini. Pipa la shokapu limebonyea, ni lile jiwe la barabara ya Ludewa, nalikumbuka sura yake. Oili imechuruzika mpaka kwenye rimu. Raba za juu zimelika.

Remmy fundi gereji amechungulia akiwa amesimama. Anasema nibadilishe mbili, kushoto na kulia, na ziwe mpya. Akaniuliza kama ningeweza kuvaa kiatu kipya mguu mmoja na cha zamani mguu mwingine. Nikamwambia nimewahi. Akacheka, akadhani natania. Wewe unajua sitanii.

Mpango wangu: moja, ya mtumba, nifunge mwenyewe.


Jumanne, 15 Julai

Nimeipata! Kwa Jofrey wa vyuma chakavu. Ameiosha kwa dizeli, akaipaka rangi nyeusi, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Nikamuuliza imetoka gari gani. Akasema gari la sista mmoja mzee, lililokuwa likikuta shimo linaomba samahani na kupita pembeni. Nikaona huyu hawezi kudanganya kwa kumtaja sista.

Nimefunga mchana. Kufungua ile ya zamani, matusi kidogo. Kuingiza hii, sawa. Kisha nati ya juu. Unaikumbuka nati ya juu? Ukiizungusha, ile fimbo ya chuma inayong'aa inazunguka nayo, na hakuna kinachokaza.

Zamani ulikuwa unazungushia fimbo kipande cha kitenge, unashika kwa mikono miwili, unafumba macho, unasema, "Haya, Baba Lightness, kaza." Na ilikuwa inakaza. Sikuwahi kujiuliza kwa nini unafumba macho.

Leo nimeweka spana kwenye nati. Nikasubiri. Nimekaa hivyo muda, mkono mmoja juu, hadi nikagundua ninasubiri.

Lightness alikuwa shuleni kwake anafundisha. Jirani Teodora alikuwa ng'ambo ya ua anachuma mboga, akinitazama kwa chini chini. Nikaona aibu kumwita mjane wa watu aje ashike chuma changu. Nikachukua plaizi. Plaizi ikaing'ata ile fimbo barabara. Nati ikakaza, tik!

Ushindi! Nimekula ugali mwingi.


Jumatano, 16 Julai

Siku ya majaribio. Nilitaka kipimo cha kweli, si cha kubonyeza bonyeza. Nikakumbuka mayai yako.

Kila tuliporudi kutoka kwenu ulipakata trei ya mayai. Tukifika nyumbani unayakagua yaliyopasuka, halafu unatoa hukumu: shokapu nzima, au shokapu mgonjwa. Remmy na mitambo yake yote hajawahi kukushinda.

Nimeazima trei kwa Teodora. Nimeiweka kwenye kiti chako, juu ya mto wako wa maua ya njano. Nikapita njia mbaya kuliko zote Mahongole, ile ya matrekta, kwenda na kurudi.

Hakuna hata moja lililopasuka!

Nikampigia Yosefu papo hapo. Kamwene, mlamu, nikamsalimu. Nikamweleza gari lilivyo tulivu, hata mayai yamelala usingizi. Yosefu akauliza kama yalikuwa mabichi au ya kuchemsha.

Akaendelea, bila kuombwa, kwamba anashusha viazi Makambako Ijumaa na Jumamosi anapanda kwao Ipelele, Fuso likiwa tupu. Nimpe jiwe, ataliweka kwenye nyasi, litalala kama ndama. Nikasema asante sana, mlamu, lakini hapana. Akasema, "Mlamu, mimi sikugombezi, nakuonea huruma." Nikakata simu, nikasingizia mtandao.

Nimemrudishia Teodora trei yake. Akayatazama mayai, akanitazama mimi. Akauliza kama nilikuwa nimeyatoa matembezi.


Alhamisi, 17 Julai

Asubuhi kuna kidimbwi chini ya gari. Nikajiambia ni umande. Nikachovya kidole. Umande haunuki hivyo.

Remmy amekuja na kikombe chake cha chai. Akaingia chini, akapitisha kidole kwenye fimbo, akaniita. "Mzee Anania, njoo uone meno." Nikaenda nikaona. Kwenye chuma kile kinachong'aa kuna alama za kung'atwa, mistari mistari. Remmy akauliza ni mbwa gani ameitafuna.

Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Fimbo hiyo inatakiwa iwe laini kama kioo cha saa, kwa sababu inapanda na kushuka ndani ya sili, ile pete inayozuia oili, na sili ni raba tu. Ukiipa meno, kila shimo unalopita fimbo inageuka msumeno. Inakata sili, oili inatoka, basi tena. Jana ilikuwa haijamaliza kukata. Akauliza niliishika kwa kitu gani.

Nikasema ilikuja hivyo hivyo.

Baada ya kusema hivyo ilinibidi niende kwa Jofrey kulalamika. Nimelalamika vizuri. Nimetumia neno dhuluma. Nimemkumbusha yule sista. Wateja wakaanza kusikiliza. Jofrey akaigeuza shokapu, akatazama alama, akanyoosha kidole kwenye mfuko wa ovaroli yangu. Plaizi ilikuwa inachungulia.

Mpaka sasa sijui kwa nini niliibeba.

Nimeirudisha shokapu kwenye gari, kwa sababu sina nyingine. Nikaazima tena trei ile ile, nikapita tena njia ya matrekta. Nisiseme mengi. Mto wako nimeufua, madoa yametoka isipokuwa kwenye ua moja.

Teodora akaipokea trei, akaniletea kitunguu na nyanya.

Jioni tumekula mayai. Lightness akasema, baba, mwambie mjomba Yosefu alibebe jiwe. Nikasema mayai haya yamezidi chumvi.


Ijumaa, 18 Julai

Nimelala na mpango, nimeamka nao.

Kazi ya shokapu ni nini? Kuzuia gari lisiyumbe. Basi nikilizuia lisiyumbe kwa njia nyingine, shokapu ya nini? Nimechonga kipande cha mlingoti, yaani mkaratusi, kikavu kabisa, nikakibana kati ya ekseli na chasisi. Nikakifunga kwa mpira wa tairi. Nikabonyeza pembe. Gari halikuinama. Nikapanda juu ya bampa nikaruka. Halikuinama. Sijui kwa nini watu wanasomea ufundi.

Nimeendesha mpaka kwa Romani kuchukua jiwe. Kenta sasa halinesi kabisa. Linapita kwenye kokoto na kila kokoto inafika kwenye meno yangu ikiwa nzima. Miwani imeanguka. Nikasema hii ndiyo inaitwa uimara.

Romani alikuwa amelifunika jiwe kwa gunia. Akalifunua.

Esnath. Jina lako. Nimelisoma herufi moja moja, kidole kwenye jiwe, kama mtoto wa darasa la kwanza. Romani akajifanya anatafuta ufagio.

Baadaye akaniambia nisije nikalilaza. Marumaru nyembamba ikilala na kutikiswa inavunjika kama biskuti. Lisimame, liegemee kitu laini. Nikajua papo hapo mahali pake.

Limekaa kwenye kiti chako, juu ya mto wako. Nimelifunga mkanda. Wewe hukuwahi kukubali kufunga mkanda.


Jumamosi, 19 Julai

Naandika nikiwa nyumbani kwenu, Ipelele, kwenye benchi la jikoni. Nieleze kwa mpangilio.

Lami ya Makambako mpaka Njombe, hakuna neno. Ukungu, taa zimewashwa asubuhi. Nimekuongelesha njia nzima, Lightness asijue. Kabla ya Njombe trafiki akanisimamisha. Nikajua akija mbele ataona kile kipande cha mti, na atacheka kabla ya kuandika faini. Akaja upande wako. Akachungulia dirishani, akasoma jina lako, akavua kofia. Akasema, pole mzee, nenda taratibu. Hakutazama chini ya gari.

Asante, mke wangu. Ulijua kuongea na trafiki hata ulipokuwa hai.

Tumeacha lami. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Shimo la kwanza, nikasikia mlingoti unalia. Shimo la pili ukapasuka. La tatu ukaruka na kuigonga shokapu, bolti ya juu ikang'oka, shokapu ikabaki inaning'inia kama ulimi wa ng'ombe aliyekimbizwa. Gari likainama upande wako, mpaka chini. Na jiwe likagonga mlango. Mara moja. Ko!

Nilisimama katikati ya barabara. Sikuweza kugeuza kichwa. Nilikiambia kichwa geuka, kikakataa. Nikapeleka mkono kwanza, nikapapasa kingo zote, nikapapasa jina. Nzima. Nzima, Esnath! Nikaliwekea mkono begani, yaani pale juu ya jiwe, nikakaa hivyo kwenye ukungu. Sikuwa na mpango. Hiyo ni mara ya kwanza mwaka huu.

Halafu nyuma nikasikia honi. Ningeijua popote. Inalia kama mbuzi.

Yosefu akashuka kwenye Fuso, na koti lake refu, na mwili wake wote ule. Akainama akatazama chini ya Kenta. Akaokota nusu ya mlingoti. Akaugeuza geuza. Akacheka mpaka akashikilia kioo cha pembeni. Akaniuliza kama huu ni mlingoti au msindano, ule mpaina laini, maana kama ni msindano ningekuwa tayari mbinguni na dada yake angenirudisha kwa aibu.

Kisha akaacha kucheka, akasema basi, tulihamishe jiwe kwenye Fuso.

Nikasema hapana.

Akasema, mlamu, acha utoto.

Nikaenda upande wako nikaushika mlango, kwa mikono miwili. Mzee mzima, nimeng'ang'ania mlango kama mtoto aliyeshika andazi. Nikamwambia, "Dada yako alishapanda Fuso lako mara moja. Safari hii anakuja na gari lake."

Yosefu akanitazama. Akatazama jiwe limefunga mkanda. Akautazama mto wa maua ya njano. Nilikuwa nimesahau kwamba mama yenu ndiye aliyeushona.

Akavua koti. Akanisogeza kutoka mlangoni kwa upole, kama mtu anavyosogeza kuku. Akafungua mkanda, akalinyanyua jiwe, akaketi yeye kwenye kiti chako, akalisimamisha mapajani akalikumbatia. Akamwambia dereva wake Brayson atangulie na Fuso polepole. Akaniambia mimi, "Endesha. Ukipiga shimo, na mimi nakupiga wewe."

Nikaifunga shokapu kwa kamba isiburute. Tukaondoka.

Tulienda polepole sana. Mama mmoja mwenye mzigo wa kuni alitupita akatuamkia, baadaye tukamkuta amepumzika, akatuamkia tena. Kila shimo lilipita kwenye ekseli, likapita kwenye kiti, likaishia kwenye magoti ya Yosefu. Alikuwa anaguna. Jiwe halikugusa kitu. Kwenye mteremko wa mwisho akasema ulikuwa mwepesi zaidi ulipokuwa mdogo, alikuwa anakubeba mgongoni kwenda shamba la ngano. Sikuwahi kuijua habari hiyo. Akaniuliza kama siku zote ulikaa hapa. Nikasema siku zote. Na mayai mapajani? Na mayai mapajani. Akalikumbatia jiwe zaidi mpaka tukaingia uani.

Kushuka alishindwa. Magoti yalikataa kunyooka. Tulimtoa akiwa amekunjika vile vile, na jiwe lake kifuani, wajomba wakishika huku na huku.

Jiwe ni zima. Hata kona.


Jumapili, 20 Julai

Imekwisha, na imekwisha vizuri.

Kwaya yako imeimba. Lightness alifika kwa basi na maua. Jiwe limesimama sawa, fundi amepima kwa pimamaji, limetazama kule mabondeni ulikopenda. Mchungaji akauliza nani atasema neno kwa niaba ya familia. Nikajiandaa kusimama, nikakuta Yosefu ameshasimama, anachechemea.

Nikaanza kutafuta viatu vyangu kwa macho. Nilivipaka rangi kwa ajili ya hilo.

Yosefu akasema, kwa sauti yake ya mnadani, kwamba watu wote wajue, mlamu amemleta Esnath mwenyewe, kwa gari lao wenyewe. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa shokapu tu."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Kisha viatu nikashindwa kuviona, lakini si kwa aibu.

Tumekula viazi, nyama, kuku, na makande ya shangazi yenu. Neno lake Yosefu amelirudia kwa kila aliyekaa naye. Kila akirudia, barabara inarefuka na jiwe linaongezeka uzito. Jioni nimesikia mtu akieleza kwamba Yosefu amelibeba kwa miguu kutoka Njombe.

Kwa hiyo mimi na Yosefu tumerudi kwenye mashindano yetu, pale pale. Lakini nimempa paja langu la kuku.


Jumanne, 22 Julai

Nimerudi Mahongole. Gari limekuja polepole nyuma ya Fuso, kama ndama.

Remmy amenieleza upya. Mbili, mpya, kushoto na kulia. Fimbo isiguswe na meno ya chuma. Kipande cha mti ni cha kupikia. Akaniuliza kama nimeelewa. Nimeelewa, Esnath. Nimeelewa kabisa, ningeweza kufundisha.

Wakati wa kurudi nikapita kwa Jofrey, kusalimia tu. Ana shokapu. Ameipaka rangi, inang'aa. Imetoka kwenye gari la mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa polepole sana. Alikuwa nayo moja tu. Nimeichukua kabla haijaondoka.

Nimefikiria pia suala la plaizi. Kosa lilikuwa kwamba ni ndogo, meno yake yanauma mahali padogo. Nimenunua kubwa.

Nilipokuwa nimelala chini ya gari, nimeshika spana, Teodora akaja mpaka kwenye ua. Alikuwa na kipande cha kitenge. Akasema miaka yote alikuwa akikuona ukinishikia, na yeye ana mikono. Nikamwambia asante sana, mama, usijisumbue, nimeshazoea. Akasimama kidogo. Akakitundika kitambaa kwenye ua, akaenda kwake.

Ni kitambaa kizuri. Nimefutia plaizi.

Nati imekaza barabara, mke wangu. Kesho asubuhi nitaomba trei ya mayai.

Unikumbuke.